Ukope wa Bwana Ndiyo

Mchumba wangu alipoingia maabara asubuhi ile, mfuko wa machungwa mkononi na tabasamu lake la siku zote usoni, nilikuwa nimeshamgusa mnyoo wa mwisho mara tatu, na mnyoo wa mwisho alikuwa amekufa.

"Za asubuhi, malkia wa minyoo," alisema. "Mama anakusalimu sana. Kakutumia machungwa, anasema kwenye picha niliyomwonyesha umekonda."

Sikuinua uso kutoka kwenye hadubini. Nilijua nikimtazama nitafanya moja kati ya mawili: nitamrukia shingoni kwa mapenzi, maana alikuwa kwao wiki nzima na nilikuwa nimemkosa vibaya, au nitamrukia shingoni kwa namna ambayo watu huitiwa polisi.

"Weka pale," nilisema.

"Hata salamu?"

"Nimesema weka pale."

Akaweka. Nilimsikia akivuta kiti chake, kile chenye gurudumu bovu, akaja kukaa karibu yangu hadi nikasikia harufu ya sabuni yake. Mwili wangu ulikuwa bado haujapata habari, ukamwegemea kidogo wenyewe. Nikaunyoosha.

Kwa asiyeijua kazi yetu, aisikie hapa. Minyoo wetu si wale wa tumboni ambao watu hunywea dawa. Hawa ni wa udongoni, weupe, wadogo kama kijipande cha uzi, na miili yao inaonyesha mpaka ndani. Mnyoo mmoja ana seli za neva mia tatu na mbili tu, na nane kati ya hizo hutengeneza kitu kilekile ambacho ubongo wa baba yangu umeanza kukikosa. Tunawapa sumu inayoifanya oksijeni iwageuke, iwaunguze polepole kutoka ndani kama kutu inavyokula bati. Chini ya taa maalumu zile neva nane hung'aa kijani, na sumu ikikolea huzimika mojamoja. Mnyoo huanza kwenda kombo, halafu husimama, halafu hufa. Sisi tunatafuta kitu cha kuizuia kutu hiyo, kwa kuwa kinachomsaidia mnyoo huenda siku moja kikamsaidia mtu.

Sasa, mnyoo wa ukubwa huo humgusi kwa kidole wala kwa sindano, utamchana. Tunatumia ukope mmoja uliobandikwa kwa gundi kwenye ncha ya njiti. Unamgusa karibu na kichwa. Akitikisika, yu hai. Asipotikisika unamgusa tena, na tena. Akinyamaza mara zote tatu unamwandika amekufa, hata kama moyo unakuambia vingine. Kila mtu hujitengenezea njiti yake kwa ukope wake. Mimi nilikuwa natumia wa kwake. Aliung'oa mwenyewe siku njiti yangu ilipovunjika, kabla hata hatujaambiana lolote, akasema, "Chukua, mimi ninazo nyingi." Na kweli anazo. Mungu akigawa kope hampi mwanamke anayezihitaji, anampa mwanamume wa kuja kumsumbua.

"Una nini leo?" aliuliza. "Baba hajambo?"

"Njoo uone."

Nilitandaza karatasi nyeupe mezani, nikaweka juu yake visahani viwili vya duru ya pili ya jaribio letu.

"Unaona nini?"

"Visahani."

"Usinifanyie mchezo. Angalia rangi."

Akaangalia, na tabasamu likaanza kumhama. Jeli ya kisahani kimoja ilikuwa safi kama maji. Ya kingine ilikuwa na rangi hafifu sana, kama chai iliyoongezwa maji mpaka ikakata tamaa.

"Majani yanaacha rangi," nilisema. "Profesa alificha alama, rangi haikufichika. Mimi nimeiona jana. Wewe uliiona lini?"

"Sikumbuki vizuri kama..."

"Uliiona lini?"

Akalamba midomo. "Mapema."

"Mapema lini?"

"Mapema, mpenzi. Siku ya kwanza ya duru yangu."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Majani yale ni majani ya baba yangu. Baba ni fundi cherehani, na ile mikono iliyowashonea sare watoto wa nusu ya mtaa sasa inatetemeka hata akiilaza mapajani. Hospitali walimpa vidonge, vikamsaidia kiasi. Jirani akamletea majani ya kuchemsha, baba akawa anakunywa vyote viwili. Mimi, binti msomi wa nyumba, nikayabeba majani hadi maabara nikamwomba Profesa tuyajaribu kwa minyoo. Profesa ni mama mkavu, hana utani na mtu. Alikubali kwa masharti: anayehesabu asijue kisahani kipi kina maji ya majani, na tutarudia duru tatu kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo.

Duru ya kwanza alihesabu mchumba wangu. Profesa alipofichua alama, minyoo wa majani walikuwa wameishi na ile sumu karibu mara mbili ya wenzao. Nililia palepale, nikalowesha koti jeupe la mchumba wangu. Duru ya pili ikaniangukia mimi kwa sababu yeye alikuwa kwao, na minyoo wa duru ya pili walikuwa wamekufa sawasawa, wa majani na wasio wa majani.

"Lakini sikiliza," alisema sasa, akijaribu kunishika mkono. "Duru hizi hutofautiana. Kabati la baridi lilikuwa linasumbua wakati ule, unakumbuka? Joto likipanda kidogo tu..."

"Joto likipanda wanakufa upesi! Tangu lini joto likamrefushia mnyoo maisha? Unamdanganya nani, mwanafunzi wa shule ya msingi?"

"Basi labda bakteria..."

"Niangalie machoni." Nilimzungusha na kiti chake mpaka lile gurudumu bovu likalia. "Uligusa mara tatu?"

Hakuniangalia. Aliangalia mikono yake, ile mikono mizuri ninayoipenda, akaifungua na kuifunga.

"Wa kwanza," alisema, "niliona kama katikisika."

"Kama?"

"Niliona. Au nilitaka kuona, sijui. Nikamwandika yu hai. Wa pili nikasema labda huyu naye. Wa tatu..." Akameza mate. "Baada ya hapo nilijua ninachofanya."

Nilikuwa nimeshajua. Usiku kucha nilikuwa najua, nikageuka kitandani huku na huku nikijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kulisikia kwa sauti ileile inayokuita mpenzi ni kitu kingine kabisa. Niliinuka. Ningebaki nimekaa ningemtia makofi.

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Sijui! Niambie!"

"Kila siku ukiingia hapa ulikuwa unaniangalia usoni hata kabla hujavaa koti," alisema. "Huulizi kitu. Unaniangalia tu, kama mgonjwa anavyomwangalia daktari. Nilishindwa. Nikasema ngoja nimpe furaha kidogo, duru ya pili itasema kweli yenyewe, Profesa ataona matokeo yanapingana, tutaachana na majani tuhamie kwenye kitu kingine. Hakuna ambaye angeumia."

"Furaha kidogo."

"Nakupenda. Nilifanya kwa..."

"Usilitaje hilo neno humu ndani!" Nilipiga meza, visahani vikaruka. "Unajua kwa nini nilikuomba uhesabu wewe? Unajua? Kwa sababu mimi ningedanganya! Nilijijua. Ningemsukuma mnyoo kwa ukope halafu niseme kajisogeza mwenyewe. Ni baba yangu aliyekuwa mle kwenye kisahani. Nikatafuta mtu mmoja ninayemwamini kuliko ninavyojiamini, nikampata, nikampa. Na wewe ukaenda kufanya lilelile nililolikimbia mimi!"

Nilitaka apigane, na alipokaa vile ameinamisha kichwa nilizidi kuwaka.

"Sema kitu!"

Ndipo naye akasimama. Ni mrefu, huwa nasahau mpaka asimame.

"Haya, nitasema. Nani alikimbia kumwambia baba? Profesa alisema duru tatu. Ni mimi niliyekwenda kwa mzee usiku uleule kumwambia dawa imepatikana? Mimi nilidhani litabaki humu ndani ya kuta hizi. Wewe ndiye uliyelitoa nje."

Lilinipata. Lilinipata pale hasa alipolilenga, na kwa kuwa lilikuwa kweli nilimchukia kwa dakika nzima, chuki safi isiyo na chembe ya mapenzi ndani yake.

"Ndiyo, nilimwambia," nilisema. "Nilimwambia kwa sababu ni wewe uliyehesabu. Angehesabu mtu mwingine ningesubiri hata duru kumi. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa halafu unaniuliza mbona nang'aa?"

"Mimi..."

"Baba kaanguka."

Mdomo wake ulibaki wazi.

"Juzi. Kaangukia pasi ya moto, kaungua mkono huu hapa, kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja. Shangazi alipokuwa akitafuta kifungo cha shati akakuta kopo la vifungo limejaa vidonge. Vya hospitali. Tangu nimpelekee ile habari yako ya furaha alikuwa hamezi hata kimoja, anavitumbukiza humo. Anasema mwanangu kanipatia dawa, vidonge vya nini tena."

Alirudi nyuma mpaka akagota kabati. Rangi ilimtoka. Kama angejitetea wakati ule, kwa neno moja tu, nadhani mambo yetu yangeishia pale.

"Sikujua," alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi sikujua."

"Profesa nimeshamwambia, ya kwenu mtamalizana wenyewe. Lakini baba hajui. Anadhani kaanguka kwa uzee. Utakwenda kumwambia wewe."

"Ndiyo."

"Leo."

"Ndiyo."

"Kwa mdomo wako, mimi sitasaidia hata neno moja."

"Ndiyo, mpenzi, nitak..."

"Na acha kuniambia ndiyo!"

"Nd..." Akafumba mdomo. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Nilichukua ile njiti yenye ukope wake. Niliivunja vipande viwili mbele ya macho yake, nikavitupa kwenye pipa la taka.

"Kitu kisichotikisika humu tunakiandika kimekufa," nilimwambia, nikavua koti.

Hakuuliza nimemaanisha kitu gani. Aliyachukua machungwa ya mama yake, akayarudisha mezani, akanifuata.

*

Njia nzima hatukusemezana. Alitembea nyuma yangu kama mtoto aliyevunja chungu, na kila aliponikaribia nilikaza mwendo.

Shangazi alikuwa kibarazani akichambua mchele. Alituona kwa mbali, akaweka ungo chini, akashika kiuno. Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na tangu mwanzo hakumtaka mchumba wangu. Si kwa kabila wala kwa kipato. Alimkataa kwa sababu ya kikombe cha chai. Siku kijana alipokuja kujitambulisha, shangazi alimkalisha akamuuliza maswali. Utamtunza? Ndiyo. Utamruhusu kumalizia masomo? Ndiyo. Akitaka kukaa karibu na baba yake? Ndiyo. Na chai, sukari imekolea? Ndiyo, shangazi, tamu kabisa. Alipoondoka shangazi akanivuta jikoni. "Chai ile sikutia sukari hata punje," aliniambia. "Mtu anayekunywa chungu akasema tamu, siku nyumba ikiungua atakwambia ni joto la kawaida. Muache huyo Bwana Ndiyo." Niligombana naye kwa ajili yake, tukanuniana muda mrefu, mpaka baba akaingilia kati akasema yeye amempenda kijana huyu na ndoa itafungwa.

Sasa nilikuwa namleta mwenyewe, na shangazi hakuwa amekosea hata kidogo. Hilo nalo nililiandika kwenye deni la mchumba wangu.

"Shikamoo shangazi," alisema.

"Marahaba, Bwana Ndiyo. Nyuso hizi vipi, mmefiwa?"

"Baba yuko ndani?" niliuliza.

"Yuko na kitambaa chake. Nimemwambia apumzike, kanifukuza."

Chumba cha baba cha kushonea kina dirisha moja kubwa, na chini ya dirisha ile cherehani nyeusi ambayo mlio wake ndio ulionilaza utotoni. Baba alikuwa amesimama mbele ya meza ya kukatia. Mkono wa kushoto ulikuwa na bandeji. Mbele yake alikuwa ametandaza kitambaa cheupe cha gauni langu la harusi, alichokiweka kabatini tangu mama akiwa hai. Alikuwa ameanza kupiga mistari kwa chaki ya bluu, na mistari ilikwenda kombo, ikapinda, ikajirudi. Ule mwendo nilikuwa nimeuona kwenye hadubini asubuhi ileile. Nikageuza macho.

"Mkwe!" Uso wa baba ulichanua wote. "Karibu, mwanangu, karibu. Umenikuta nakata. Za nyumbani? Mama mzima?"

"Shikamoo baba. Mama mzima, anakusalimu."

"Marahaba. Kaa basi. Wasikutishe na hii bandeji, nilijikwaa tu. Dawa yenu nakunywa asubuhi na jioni, naona mkono unaanza kutulia. Si ndiyo? Hebu tazama."

Akanyoosha mkono wa kulia. Chaki katikati ya vidole ilicheza kama ina uhai. Shangazi alikuwa ameshaingia nyuma yetu, akaegemea mlango. Mimi nilibana meno. Niliapa sitasaidia na sikusaidia.

Mchumba wangu hakukaa. Alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma.

"Baba, nina neno," alisema. "Yale majani hayafanyi kitu."

"Unasemaje?"

"Minyoo walikufa. Wa majani walikufa kama wengine wote. Mimi ndiye niliyesema wako hai. Nilidanganya. Mwanao hakujua, aliambiwa na mimi akaja kukwambia wewe."

Baba alicheka. Kicheko kifupi, akamgeukia shangazi. "Dada, hebu msikie huyu." Shangazi hakucheka. Ndipo baba akaniangalia mimi, na sikuwa na uso mwingine wa kumwonyesha zaidi ya ule niliokuwa nao.

Alipiga meza kwa mkono mzima. Mkasi mkubwa ulidondoka sakafuni, karibu na miguu ya mchumba wangu, naye hakusogea.

"Ulidanganya! Mimi mtu mzima, nimemwaga vidonge vyangu kwenye vifungo kwa neno lako! Nimewaringia majirani! Nimemwambia yule mzee mwenzangu anayetetemeka kama mimi naye avumilie, watoto wetu wamegundua!" Sauti yake ilikuwa inapanda na mkono unatetemeka kwa nguvu zaidi, kama kila neno lilikuwa likiutikisa. "Nilikupa binti yangu. Dada yangu alikukataa, nikagombana na damu yangu kwa ajili yako. Ulitaka nini kwangu? Kunichekesha? Mimi ni mtoto wa kupewa peremende anyamaze?"

"Baba..." nilianza.

"Na wewe kaa kimya! Msomi mzima, huwezi kuhakikisha jambo kabla ya kulileta nyumbani?" Akamgeukia tena. "Toka. Toka nyumbani kwangu."

Hakutoka.

"Huna masikio? Nimesema toka!"

"Nitatoka, baba," alisema. Machozi yalikuwa yanamtelemka na hakuyafuta. "Ukisema nisirudi sitarudi. Lakini sitoki kabla hujanywa vidonge. Nibebe unitupe nje kama unataka."

Nilidhani baba atamrushia kitu. Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka. Alishika ukingo wa meza, akakiangalia kitambaa, ile mistari ya bluu iliyozurura juu yake. Aliposema tena, ukali ulikuwa umemwisha, na afadhali ungebaki.

"Hebu niambie, wewe mwenye macho ya kitaalamu," alisema. "Umeiona kazi yangu hapo. Nitaweza kumshonea mwanangu gauni lake?"

Kila mtu mle chumbani alijua jibu la Bwana Ndiyo. Mimi nilishaanza kulisikia kabla hajafungua mdomo, na nilishaanza kulichukia.

"Ile 'ndiyo' yake inakuja," shangazi alinong'ona.

Alikiangalia kitambaa. Alikiangalia kwa muda, akauangalia na mkono wa baba, kama anavyopaswa mtu wa kazi yetu kuangalia.

"Hapana," alisema. Sauti ikamkatika, akairudia. "Hapana, baba. Hutaweza."

Mimi nilihisi kitu kimesogea kifuani, kidogo sana, pale nilipokuwa nimeshaandika kimekufa. Nilikasirika nacho.

"Basi nani atashona?" baba aliuliza.

"Sijui."

"Hata hilo hujui?"

"Sijui, baba."

Baba alitikisa kichwa taratibu. Aliilaza chaki juu ya kitambaa, ikajiviringisha yenyewe hadi ukingoni. Halafu akakaa kwenye kiti chake cha cherehani kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu.

"Dada," alisema. "Niletee kopo la vifungo."

Shangazi, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alikimbia. Akalimwaga kopo mezani, akawa anachagua vidonge katikati ya vifungo kwa vidole vyake vya kuchambulia mchele, pua akiivuta. Baba alimeza akiwa amemkazia macho mchumba wangu, maji yakamwagika kidevuni.

"Kesho usije," alimwambia. "Keshokutwa usije. Hasira yangu si ya kulala na kuamka. Nikikutaka nitakuita."

"Nimesikia, baba."

"Haya nenda."

*

Nilimfuata nje. Sikumfuata kwa wema, nilikuwa na mengine ya kumwambia, na nilimkuta kwenye ukuta wa uani amesimama anapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Sikuombi unisamehe," alisema.

"Vizuri, maana sijakusamehe."

"Najua."

"Hujui. Ungejua nilivyo na hasira ungesimama ng'ambo ya barabara." Nilikuwa natetemeka mwenyewe, mzima na damu yangu changa. Nilimpenda. Nilitaka kumng'ata na nilimpenda, na sikuona aibu kwa lolote kati ya hayo mawili. "Kesho naanza minyoo wapya. Profesa atavitia rangi visahani vyote ili macho ya mtu yasijue kitu. Tunajaribu kitu kingine, si majani. Nahesabu mimi, Profesa anahesabu nyuma yangu. Wewe hutagusa mnyoo hata mmoja. Utaosha visahani."

"Sawa."

"Mpaka nitakaposema."

"Sawa."

Nilimwangalia. Macho yalikuwa mekundu, na zile kope zake zilizojaa kupita kiasi zilikuwa zimeshikana kwa machozi.

"Na sina ukope," nilisema.

Ilimchukua muda kuelewa. Alipoelewa aliinama, akaniletea uso wake karibu, akafumba macho. Ningeweza kumbusu. Badala yake nilichagua mmoja, ule mrefu wa pembeni, nikaushika kwa kucha mbili na kuung'oa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Alishtuka, akashika jicho.

"Inauma?"

"Ndiyo," alisema. "Inauma sana."

Niliuviringisha ule ukope katika pindo la leso yangu, nikarudi ndani kwa baba.